UDUGU WA WATU WAWILI WENYE JEMBE SAFARINI

Khutba ya kwanza

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi ikawa pana, akaiteremshia mvua, akaotesha ndani yake riziki za waja wake wote, wamtiio na wamuasio. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, mjumbe wake na kipenzi chake, na aali zake, na masahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Ndugu Waislamu mliohudhuria, nanyi wasikilizaji watukufu mlioko majumbani na katika vyuo, najiusia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia nanyi, juu ya kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Na katika kumcha Mungu kuna mlango mmoja ambao wengi wetu twaupita bila kuugonga, nao ni mlango wa haki ya mtu wa kibarua, hasa yule aliyetoka mbali, asiye na jamaa wa kumsemea wala mzee wa kumwombea. Leo, kwa tawfiki yake Mola, tutazungumza juu ya mtu huyo, na juu ya urafiki unaozaliwa baina ya wawili wa namna yake, ambao hakuna aliyewatazamia kuwa marafiki.

Mahali tutakapopatazama ni milima ya Kigoma, katika nchi za Kasulu na Kibondo, makao ya ndugu zetu Waha. Nchi ile ni ya vilima na mabonde, yenye mvua za kutosha tangu mwisho wa mwaka mpaka mwezi wa nne au wa tano. Watu wake hulima mahindi, maharage, mihogo, migomba na kahawa. Magharibi yake iko Burundi, na mto Malagarasi hufuatana na mpaka kwa sehemu ya mwendo wake. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, hata mtu wa upande huu akizungumza na wa upande ule hawahitaji mkalimani. Mpaka ulipothibitishwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliouchora walikuwa ni mabwana wa Kiingereza na wa Kibelgiji, wala hawakumuuliza mkulima yeyote shamba la mjomba wake liko wapi.

Ndugu zanguni, yafaa kwanza tukumbuke kwamba watu wa milima hiyo wameijua safari ya jembe kabla ya sisi kuzaliwa. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf, na miche michache iliyosalimika ikapandwa karibu na Pangani. Miaka michache baadaye mashamba yakaenea Tanga, Korogwe na Morogoro, nayo yakahitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo pwani. Reli ya kati ikafika Kigoma mwaka 1914. Tangu hapo, na zaidi katika zama za Waingereza, vijana wa Kasulu na Kibondo wakawa wakiandikishwa, wakipandishwa garimoshi, na kupelekwa kukata mkonge upande wa mashariki, mamia ya maili kutoka kwao. Katika miaka ya 1940 wenye mashamba waliunda ofisi yao maalumu ya kuandikisha watu, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na Kigoma pamoja na Burundi zilikuwa miongoni mwa nchi walikokwenda kuchukua watu.

Watu hao wakaitwa manamba. Jina hili lenyewe lina mafunzo. Mtu aliyekuwa na jina alilopewa na baba yake, akafika mahali akahesabiwa kwa namba. Akapewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na kila siku aliyomaliza sehemu yake ikatiwa alama. Siku aliyougua haikutiwa alama. Majani yalifungwa mafungu ya majani thelathini thelathini, na miiba ya mkonge haikuchagua mkono wa nani. Huko mashambani Muha alimkuta Mrundi, Mbena, Mngoni na Mmakonde. Kila mmoja na lugha yake, na chakula chake, na yale aliyoyasikia kwao kuhusu kabila la mwenzake.

Basi hapo, enyi waja wa Mungu, ndipo ilipoonekana hekima ya watu wadogo. Hawakuwa na nguvu ya kumshinda mwenye shamba, lakini walikuwa na uwezo wa kufanyiana wema. Aliyejua Kiswahili alimsemea asiyekijua. Aliyemaliza sehemu yake alimsaidia mwenye homa. Na katika nchi yetu hii ilikuwapo tangu zamani za misafara ada ya utani, ambayo kwayo makabila mawili, pengine yaliyowahi kupigana, yalifanyiana mzaha badala ya vita. Na mtani alikuwa na wajibu msibani kwa mtani wake. Mtu aliyefia mbali, asiye na ndugu wa tumbo moja pale kambini, alipata wa kumwosha, wa kumchimbia kaburi na wa kumlilia. Na wako waliotoka milimani bila kuujua Uislamu, wakausikia pwani kutoka kwa wenzao wa kazi, wakarudi makwao wakiswali. Hawakuhubiriwa na sheikh mwenye joho. Walimwona mwenzao wa kazi akiwa mkweli, wakaipenda dini iliyomfanya awe hivyo.

Mashamba ya mkonge yalipungukiwa nguvu baada ya kamba za viwandani kuteremsha bei katika miaka ya 1960, na mengi yakataifishwa mwaka 1967. Lakini safari ya jembe haikukoma. Vijana wa Kigoma wakaendelea kwenda kulima tumbaku katika nchi za Tabora, upande wa Urambo na Kaliua. Na kwa upande mwingine, milima yenyewe ya Kasulu na Kibondo ikawa mahali pa kupokea wageni. Mwaka 1972 maelfu kwa maelfu ya Warundi walikimbia mauaji; wengi wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wengine wakatulia katika vijiji vya Kigoma. Mwaka 1993, baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye, wakaja wengine. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu kwa ajili ya ndugu waliokimbia Kongo, na mwaka 2015 ikapokea Warundi pia, ikafuatiwa na kambi ya Nduta upande wa Kibondo. Mbali na wakimbizi, wapo watu wavukao mpaka msimu kwa msimu kutafuta kibarua cha kulima, kisha hurejea makwao na walichopata. Aliyekuwa mgeni jana Korogwe, leo mwanawe au mjukuu wake ni mwenye shamba Kasulu, na mgeni amesimama mlangoni pake akiwa na jembe begani.

Wasikilizaji watukufu, sasa natupige mfano. Si habari ya mtu fulani wala fulani. Ni mfano tu, lakini kila aishiye katika nchi zile atautambua.

Watu wawili wanakutana katika shamba moja huko Kasulu mvua za kwanza zilipoanguka. Mmoja ni mzee wa makamo kutoka Kibondo, Muislamu, ambaye shamba lake halikutosha kulisha watoto wake. Wa pili ni kijana kutoka ng'ambo ya mpaka, Mkristo. Mwenye shamba amewapimia kila mmoja ngwe zake na amewapa kibanda kimoja cha kulala na chungu kimoja cha kupikia. Mzee amesikia tangu utotoni kwamba watu wa ng'ambo ni wezi. Kijana naye ameonywa na wenzake kwamba watu wa upande huu humkalisha mgeni akalima, kisha humwitia askari siku ya malipo. Basi usiku wa kwanza mzee analala na fedha zake kafunga kiunoni, na kijana analala na jembe lake chini ya kichwa.

Siku ya tatu mwenye shamba anawapa kuku. Kijana anamshika, anamtazama mzee, kisha anampa kisu na kumwambia, "Chinja wewe, mzee, ili sote tule." Mzee anastaajabu, maana hakumwambia neno. Ijumaa ikifika, mzee anaoga kwenda msikitini, na kijana anamwambia asijali, nyasi za ngwe yake zitangojwa kwa jembe moja. Jumapili mzee analipa deni hilo. Wanapika ugali wa muhogo na maharage, wanakula kwa mkono katika sahani moja. Mzee anagundua kwamba kijana ana mama mgonjwa. Kijana anagundua kwamba mzee naye, alipokuwa kijana, alilima tumbaku msimu mzima Tabora akarudi mikono mitupu.

Kisha kijana anapatwa na homa. Mzee anampakia juu ya baiskeli ya kuazima, anamsukuma mpaka zahanati, anarudi, analima ngwe yake na ngwe ya mwenzake mpaka jua linazama, ili siku isipotee. Hakuna aliyemwamrisha.

Siku ya malipo inafika. Mwenye shamba anamhesabia mzee fedha zake kamili. Kwa kijana anageuza uso, anasema, "Huyu hana kibali. Na ashukuru kwamba sikuita mtu." Ndugu zangu, hapa ndipo palipo na mtihani, na mtihani huu si wa kijana, ni wa mzee. Fedha zake ziko mkononi. Watoto wanangoja Kibondo. Akinyamaza, hakuna atakayemlaumu. Na akisema, huenda msimu ujao asipate kazi hapo. Mzee anaziweka fedha zake chini, mbele ya mwenye shamba, anasema, "Tuliingia shambani wawili, bwana. Nami sitatoka na ujira wa mmoja."

Je, mwenye shamba alilipa? Mfano wetu hauna haja ya jibu hilo. Akilipa, amejiokoa nafsi yake. Asipolipa, mzee atamgawia mwenzake katika kile kidogo alicho nacho, na hesabu ya mwenye shamba itabaki wazi mbele ya yule asiyesahau. Ama mzee, yeye amekwisha faulu. Amesimama na amri iliyomo katika Sura An-Nisaa, aya ya 135, inayotutaka tuwe wasimamizi wa uadilifu na mashahidi kwa ajili ya Mungu, ijapokuwa ushahidi huo utatudhuru wenyewe.

Huenda msikilizaji mmoja akauliza: yule kijana si wa dini yetu, wala si wa nchi yetu, ni udugu gani huo? Jawabu, ewe ndugu yangu, limo katika Kitabu. Katika Sura Al-Mumtahina, aya ya 8, Mwenyezi Mungu ameweka wazi kwamba hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Na amesema kwamba awapenda waadilifu. Na katika Sura Al-Hujurat, aya ya 13, ametujulisha kwamba mataifa na makabila yamewekwa ili watu wajuane, na kwamba aliye bora mbele yake ni yule amchaye zaidi. Makusudio yaliyotajwa hapo ni kujuana. Basi kibanda kile cha nyasi, ambamo mtu wa Kibondo alimjua mtu wa ng'ambo, kilitimiza jambo ambalo Mola alilikusudia.

Tena tazameni sira ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Usiku ule wa Hijra, maadui wakimtafuta kumuua, alimwajiri kwa ujira mtu wa kumwongoza njia, naye alikuwa bado katika dini ya Makureshi. Imepokewa na Bukhari kwamba Mtume na Abubakar walimkabidhi ngamia wao wawili, wakaagana naye akutane nao kwenye pango la Thaur baada ya siku tatu. Akatimiza ahadi. Mtume alimwamini mtu mwaminifu katika roho yake na roho ya rafiki yake, ilhali dini zao ni mbali mbali. Sisi nani, basi, hata tumwone mwenzetu wa jembe kuwa si kitu kwa kuwa hasali nasi?

Na katika Mitume wa Mungu yuko aliyekuwa mkimbizi na mtu wa kuajiriwa. Naye ni Nabii Musa, amani iwe juu yake. Sura Al-Qasas yaeleza kwamba alitoka Misri akiwa na hofu, akafika kisimani Madyan hana kitu. Akawanyweshea mifugo wanawake wawili walioshindwa na msongamano, kisha akajitenga kivulini, akamwomba Mola wake heri yoyote atakayomteremshia. Baba yao alipomwita, alikuwa na nia ya kumlipa kwa kazi ile ya kunywesha, ijapokuwa Musa hakuomba malipo. Na aliposikia habari zake, jambo la kwanza alilomwambia ni kumtuliza asiogope. Baadaye ndipo yalipokuja maneno ya mkataba, nayo yalikuwa wazi: miaka minane, na kumi ikiwa Musa apenda, na ahadi ya kutomtaabisha. Enyi wenye mashamba wa Kasulu na Kibondo, na wa kila mahali, mwamwona mzee huyu wa Madyan? Alimpokea mtu asiye na jamaa, akamwondolea hofu, akampa masharti yanayojulikana. Hofu ya yule mkimbizi hakuifanya kuwa kamba ya kumfungia kazini.

Ama urafiki wenyewe wa watu wasiofanana, mfano wake mkubwa ni Salman Al-Farisi na Abu Dardai, Mungu awawie radhi. Salman alitoka Uajemi, akasafiri nchi baada ya nchi akiitafuta dini ya haki, akauzwa utumwani, akafika Madina akiwa mtumwa anayefanya kazi katika shamba la mitende. Alipotaka kujikomboa, bwana wake alimtoza kupanda miche 300 ya mitende pamoja na wakia 40 za dhahabu. Mtume akawaambia masahaba wamsaidie ndugu yao. Huyu akaleta miche thelathini, huyu ishirini, huyu kumi, kila mtu kwa kadiri yake. Salman akachimba mashimo, na Mtume akaja akaipanda kwa mkono wake mtukufu. Mtu huyo mgeni, aliyetoka katika kazi za shamba, ndiye ambaye Mtume alimfunga udugu na Abu Dardai, mwenyeji wa Madina. Na udugu wao haukuwa wa maneno. Salman alipomzuru akamkuta mwenzake amezama katika kufunga na kusali mpaka amemsahau mkewe, alimwonya kwamba Mola ana haki yake, na nafsi ina haki yake, na jamaa wana haki yao. Mtume alipoelezwa, alimsadiki Salman. Mgeni alimfundisha mwenyeji, na mwenyeji hakuona haya kufundishwa.

Ndugu Waislamu, urafiki wa wawili hauwezi kusimama ikiwa wa tatu, ambaye ni mwenye mali, anaubomoa kwa dhuluma. Kwa hiyo lazima tuseme wazi juu ya ujira. Katika hadithi al-qudsi iliyopokewa na Bukhari kutoka kwa Abu Huraira, imetajwa kwamba Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mshindani wa watu watatu Siku ya Kiyama: aliyeahidi kwa jina lake kisha akahaini, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Zingatieni, Mwenyezi Mungu akuepushe, huyu mla ujira amewekwa safu moja na muuza watu. Na Ibn Majah amepokea agizo la Mtume kwamba mfanyakazi apewe haki yake kabla jasho lake halijakauka.

Kinyume chake, mwaijua habari ya watu watatu waliofungiwa pangoni na jabali, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Wa tatu wao aliomba kwa amali hii: kibarua wake aliondoka bila kuchukua ujira, nao ulikuwa kipimo kidogo tu cha nafaka. Bwana yule akaipanda nafaka ile, akaizalisha mpaka ikawa mali na ng'ombe pamoja na mchungaji wao. Kibarua aliporudi baada ya muda mrefu kudai kipimo chake, akaonyeshwa mali yote ile, hata akadhani anafanyiwa mzaha. Akaichukua yote. Na kwa uaminifu huo jabali likasogea, wakatoka. Nafaka ya kibarua ilikuwa nyepesi mizani ya dunia, lakini ilisukuma jiwe ambalo wanaume watatu hawakuliweza.

Nasema maneno yangu haya, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni msamaha, hakika yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

Khutba ya pili

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu peke yake, na rehema na amani zimshukie yule ambaye hakuna Nabii baada yake.

Ndugu katika imani, elimu isiyofuatwa na kazi ni mzigo. Basi nawaachia nasaha chache, kila mmoja achukue iliyo yake.

Kwenu wenye mashamba: kabla jembe halijagusa ardhi, utajeni ujira kwa kiasi chake na siku ya kulipwa. Wanavyuoni wameshurutisha katika ijara kwamba kazi ijulikane na malipo yajulikane, kwa sababu giza la mkataba ni mahali pa kujificha dhuluma. Kama malipo ni mahindi au maharage badala ya fedha, kitajwe kipimo. Mpe mfanyakazi nafasi ya sala yake, na mwenye dini nyingine nafasi ya ibada yake. Mle chakula mnachokula wenyewe; kwani Mtume alimfundisha Abu Dharr, siku alipomtusi mtu kwa mama yake, kwamba watumishi ni ndugu zetu waliowekwa chini ya mikono yetu, walishwe tulacho, wavikwe tuvaacho, wala wasibebeshwe wasiyoyaweza.

Na juu ya sheria za nchi kuhusu mipaka na vibali, tunawajibika kuzitii, sisi na wageni wetu. Lakini sikiliza vizuri, ewe mwenye shamba. Ikiwa siku ya kumwajiri ulijua kwamba hana kibali, ukanyamaza kwa kuwa ulimhitaji, basi huna ruhusa ya kuikumbuka sheria siku ya kumlipa. Hakuna sheria iliyokuhalalishia jasho la mtu bure. Mlipe kwanza haki yake, kisha umche Mungu katika yaliyobaki.

Kwenu wafanyakazi: ujira kamili ni wa kazi kamili. Anayefunika magugu kwa udongo ili ngwe ionekane imelimwa, huyo naye ni mwizi, ijapokuwa ni maskini. Binti wa yule mzee wa Madyan alipompendekeza Musa, alizitaja sifa mbili, nguvu na uaminifu. Nguvu hupewa watu kwa viwango mbali mbali, lakini uaminifu umo katika uwezo wa kila mmoja. Na mwenzako akidhulumiwa mbele yako, usihesabu kwamba hayakuhusu. Leo amekataliwa yeye kwa kuwa ni mgeni. Kesho utakuwa mgeni wewe, Urambo au kwingineko.

Kwenu wazazi: mtoto anayekuja kuombwa na dalali kwa ahadi ya baiskeli au mabati ya nyumba, akapelekwe shamba la mbali asikojulikana na mtu, huyo ni amana. Kabla hujamruhusu kijana aliyekwisha kuwa mkubwa, ulizia jina la shamba, jina la mwenye shamba, na malipo. Ama mtoto mdogo, mahali pake ni chuoni na shuleni, si katika moshi wa tumbaku.

Kwenu wanafunzi mnaosoma fikihi: mlango wa ijara msiupite kwa kuuhifadhi tu. Yuko kibarua katika kijiji chako asiyejua kusoma. Kaa naye dakika chache, mwandikie karatasi ya mapatano yake, uwe shahidi. Hiyo ni ibada.

Na kwetu sote: mgeni akifa miongoni mwetu, asizikwe kama kitu kilichookotwa. Wazee wetu kambini walijua kumzika mtani wao. Na mgeni akiwa hai, tumwanze kwa salamu. Sisi twasema "Assalamu alaykum", nao ng'ambo husema "amahoro", na yote mawili maana yake ni amani. Haitugharimu kitu kumpa mtu amani kwa lugha anayoielewa.

Ewe Mola wetu, ziunganishe nyoyo zetu, tengeneza yaliyo baina yetu. Ewe Mola, walinde walioko safarini kutafuta riziki ya halali, mashambani, migodini na baharini, uwarudishe kwa watoto wao salama. Ewe Mola, walio kambini mbali na makwao wape subira, na nchi zao zipe amani. Ewe Mola, usitukutanishe na Siku ya Hesabu hali ya kuwa tuna haki ya mtu shingoni mwetu. Mwenye deni la ujira mpe moyo wa kulipa kabla ya mauti, na aliyedhulumiwa mfungulie njia. Warehemu wazazi wetu na waalimu wetu, na wale wote waliofia mashamba ya mbali, ambao makaburi yao hatuyajui nawe wayajua.

Enyi waja wa Mungu, hakika Mwenyezi Mungu huamrisha uadilifu na wema. Mkumbukeni, naye atawakumbuka. Inukeni msali, Mungu awarehemu.